Chungu Tulichokiita Mgonjwa

Kisa cha chungu cha umeme nimekisimulia mara nyingi kuliko nilivyosali rozari. Nimekisimulia kwenye sherehe za kipaimara, kwenye vikao vya harusi, na jikoni chuoni hapa Kasulu, nilikopikia wanachuo mpaka magoti yakanikataa, na kila mara watu wamecheka wakashika mbavu. Mwezi uliopita nilikisimulia tena Mabamba, kwenye msiba wa Leokadia, aliyekuwa mpishi mwenzangu kwa mwaka mmoja wa ujana wangu. Waombolezaji walikuwa wamechoka kulia na walitaka kitu cha kuwachangamsha, nami sijawahi kuombwa mara mbili. Akina mama walicheka wakiziba midomo kwa khanga, maana msiba ni msiba. Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni Evelina, kitinda mimba wa marehemu, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akainua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye mchele wake. Sikupenda alivyonitazama. Kwa hiyo sasa nakiandika, na safari hii sitaruka kitu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne. Alama zilizokuwa ndani ya cheti hicho ni siri yangu na Mungu, lakini Kibondo ya wakati ule cheti kilikuwa cheti. Wakimbizi walikuwa wanaingia kutoka ng'ambo ya mpaka, mashirika yanaingia nyuma yao, na kila shirika lilikodi nyumba, likazungushia ukuta na kuajiri watu. Mimi niliajiriwa kuwa mpishi wa pili katika nyumba ya wageni ya shirika moja, nyumba ndefu yenye vyumba sita, choo kimoja cha ndani na majiko mawili. Jiko la ndani lilikuwa na vigae, friji na makabati meupe. Hilo lilikuwa la kuonyesha wageni. Chakula kilipikwa nje, kwenye banda la mabati lenye mafiga matatu, na huko mtawala alikuwa Leokadia. Alikuwa mwanamke wa miaka karibu arobaini, mfupi, mkono mzito, mjane mwenye watoto wanne waliomtegemea yeye peke yake. Kuku wake wa kienyeji alimpika kwa mawese, taratibu, tangu asubuhi, akimwongezea kuni mojamoja na kumfunua kila mara aonje, na firigisi aliitenga kwa ajili ya dereva mzee kuliko wote, hata kama mkurugenzi alikuwa mezani. Chakula chake kilikuwa kitamu. Niliona uchungu kukiri hivyo wakati ule, maana nilikuwa nikimdharau. Hakujua kusoma. Chumvi na sukari alizijua kwa kulamba, karatasi ya mshahara alitia dole gumba, na mara moja nilimkuta ameshika pakiti ya majani ya chai juu chini akitikisa kichwa kama anayeelewa. Nilicheka peke yangu kwa siku mbili.

Baada ya Pasaka akaja Madamu Perpetua, msimamizi mpya wa nyumba, kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amekaa Ulaya miaka miwili akisomea mambo ya hoteli, na hiyo miaka miwili aliitumia kila siku, haikumwishia. Siku ya kwanza alipitisha kidole juu ya kila kabati, akakinusa. Alituita "nyie watu wa mwisho wa reli". Reli yenyewe haifiki Kibondo, na angelijua hilo kama angewahi kutazama ramani. Leokadia alikwenda kumsalimu kama sisi Waha tunavyomsalimu mtu wa heshima. Aliinama, akapiga makofi taratibu, pa, pa, pa, akasema, "Mwakeye, madamu." Yule mama akadhani anashangiliwa. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama mwanamuziki aliyemaliza kuimba, akasema, "Asanteni, asanteni, jamani, hata sijaanza kazi!" Nilimdharau tangu dakika ile, na kwa kweli sijaacha mpaka leo.

Chungu kilikuja kwenye sanduku lake la tatu, kimefungwa ndani ya mataulo. Kilikuwa cha duara, cheupe, kizito, chenye kifuniko cha kioo na swichi yenye alama mbili, moto wa juu na moto wa chini. Moto wa juu hatukuwahi kuuona, kwa sababu ukiwashwa jenereta lilikohoa na redio ya ofisi ikazima. Madamu alikiweka juu ya kabati jeupe jiko la ndani, akatuita tusimame mbele yake kama watoto wa chekechea.

"Hiki kinapika chenyewe," alisema. "Asubuhi unaweka vitu vyote, unafunika, unawasha. Baada ya masaa manane unapakua. Hakuna kukoroga, hakuna moshi, na ole wake atakayefunua."

"Nisionje?" Leokadia aliuliza.

"Usionje."

"Sasa mimi nitakuwa nafanya nini, madamu?"

"Utapumzika, mama. Ndiyo maendeleo hayo."

Madamu alipotoka, Leokadia aliweka kiganja ubavuni mwa chungu kilichokuwa kimewashwa kwa saa nzima. Akakiacha hapo muda mrefu. "Yoo," alisema. "Hakina moto hiki. Kina homa tu." Tangu siku hiyo tukakiita Mgonjwa. Kimelala pale pembeni kimefunikwa, kina waya, kinahema mvuke kidogo, na hairuhusiwi kukifunua. Asubuhi Leokadia alikuwa akiniuliza kwa sauti ya kwenye wodi, "Mgonjwa ameamkaje?" nami najibu, "Bado ana joto, dada. Tumwombee." Hizo zilikuwa siku zetu nzuri. Tulikuwa na mtu wa kumdharau pamoja, na hakuna kinachopatanisha watu wawili wa jikoni kwa haraka kama hicho.

Mchuzi wa Madamu ulikuwa hivi. Kuku achunwe ngozi, kichwa na miguu vitupwe, maini yatupwe, firigisi itupwe. "Kwetu firigisi ikikosekana, ndoa inaulizwa," Leokadia alinong'ona, akaiokota kwenye ndoo ya taka akaiosha. Vipande vipangwe chungani na viazi mviringo, karoti, vitunguu, nyanya ya kopo na majani fulani makavu yaliyonuka kabati la sakristia. Mawese marufuku, yalikuwa yanamtia Madamu kichefuchefu. Niseme ukweli, kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli. Jogoo wa kienyeji mwenye misuli, ambaye kwa kuni angehitaji nusu siku na maombi, alitoka mle chungani amelainika mpaka mfupa unateleza, na mchuzi ulikuwa mzito wenye ladha ya kuku hasa. Ningeongeza pilipili na mawese ungekuwa chakula cha askofu. Lakini mwaka ule nilikuwa tayari kula sabuni kuliko kumpa Madamu sifa hiyo.

Mwezi wa kumi Madamu alitangaza kwamba mwisho wa mwaka atabaki na mpishi mmoja tu, "yule anayeweza kufuata kitabu." Nililala usingizi mtamu, maana kati yetu wawili aliyejua kitabu ni nani? Kisha siku moja, nikiwa napanga vikombe, nikamsikia akiongea chumba cha kulia, upande wa pili wa kidirisha cha kupitishia sahani. Alikuwa na mhasibu. "Nitabaki na yule mama," alisema. "Hana shule, lakini ana mkono. Yule binti ana kisomo cha kubabaisha na mdomo." Mhasibu akacheka. Nilisimama na vikombe vyangu. Kudharauliwa na mtu unayemdharau ni jambo gumu kulimeza, na mimi nililimeza bila maji. Niliporudi bandani Leokadia alinipa ugali wa muhogo na dagaa alizonitunzia, akasema nimepauka, nile. Nilikula nikiitazama mikono yake, ule mkono aliosifiwa nao, na nilimchukia.

Wageni wakubwa kutoka makao makuu walikuja mwezi uliofuata. Ndege ndogo ingetua saa tano, chakula saa nane mchana. Madamu alichagua katika kitabu chake mchuzi mzito wa kuku na maharage. Kitabu kilitaka maharage ya kopo, na maharage ya kopo Kibondo ni sawa na kutafuta samaki porini. Wilaya nzima inalima maharage, nani atayatia kopo? Akaagiza maharage mekundu makavu ya sokoni, yakalowekwa usiku kucha. Alfajiri alituachia kazi huku anapaka rangi ya mdomo. "Fuateni kitabu. Yustina, msomee mwenzio." Akaingia garini kwenda uwanjani kuwapokea wageni, masaa matano kabla hawajafika, ili asimamie kufagiwa kwa nyasi.

Niliporudi jikoni Leokadia alikuwa amekwisha kuteleka maharage kwenye mafiga, nje, moto unawaka. Hakuwa amengoja kitabu.

"Unafanya nini, dada?"

"Nayachemsha kwanza. Yatokote sawasawa, nimwage yale maji, ndipo niyapeleke kwa Mgonjwa. Maharage hayaivi kwa homa, mdogo wangu. Yatawasokota watu matumbo." Kisha akakumbuka, akafuta mikono kwenye vazi lake la kazi. "Kitabu kinasemaje?"

Nilifungua kitabu. Ukurasa ule ningeweza kuuchora hata sasa. Mbele ya neno la maharage palikuwa na neno la herufi sita, na neno hilo nililijua, tangu darasa la saba nililijua. Lilisema maharage yawe yamekwisha kuiva. Kitabu na Leokadia walikuwa wanasema kitu kimoja. Nikaona kitakachotokea. Angeyachemsha, mchuzi ungetoka vizuri, wageni wangeulizia mpishi, Madamu angepanuka kifua na mwezi wa kumi na mbili ningerudi kukaa kibarazani na cheti changu. Na niliona pia kitu kingine kilichonifurahisha zaidi, Madamu anapakua maharage mbele ya wakubwa zake, kutoka kwenye chungu chake cha Ulaya, na yanawashinda.

"Kinakataza," nilisema.

"Kinakataza kuchemsha?"

"Ego. Kinasema yaingie mabichi, yaivie humo humo."

Alikuja akasimama karibu yangu. Alinuka moshi na vitunguu. Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa?"

"Hapo."

Alikitazama kidole chake muda mrefu, kisha akanitazama usoni, kisha akarudi kutazama karatasi. Mwanamke yule hakuwa na hofu ya moto wala ya jogoo wala ya Madamu, ila karatasi aliiheshimu kama watu wa rika lake wote walivyoiheshimu. "Haya," alisema. "Kama imeandikwa." Akaipua sufuria.

Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba nilidhani yatakuwa magumu tu. Ni uongo. Mtoto yeyote wa Kibondo anajua maharage yasiyotokota yanafanya nini tumboni.

Hapa ndipo watu hucheka, na hapa huwa sina haraka. Maharage hayakuwa hata magumu. Yalitoka yamevimba, mekundu, yanang'aa, na wageni walikula wakaongeza. Mgeni mkubwa kuliko wote, mtu mrefu mwenye tai, aliomba apelekwe jikoni akaone chungu. Madamu alikionyesha kwa mikono miwili kama padre anayeinua monstransi. Kufika saa kumi jioni ile nyumba yenye vyumba sita na choo kimoja ilikuwa imegeuka kitu kingine. Mhasibu aligonga mlango wa choo akimwita mwenye kukalia kwa majina yote ya watakatifu. Madamu, ambaye hakuwahi kukanyaga udongo wa nyuma ya nyumba, alikanyaga. Na mgeni mkubwa alikimbilia migombani na tai yake imerushwa begani. Hakufa mtu. Siku mbili za maji ya chumvi na sukari, wakapona. Kisa changu huishia hapo, migombani, na watu hupiga makofi.

Asubuhi ya tatu tuliitwa barazani. Madamu alikuwa amekaa, uso umechujuka, kitabu mapajani. "Nani aliweka maharage mabichi?"

"Mimi, madamu," Leokadia alisema. "Kitabu kilisema."

"Kitabu?" Madamu alicheka kicheko kikavu. "Wewe na kitabu wapi na wapi?" Akausoma ule mstari kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha puani, kisha akautafsiri polepole kama anayesema na kiziwi. *Yaliyokwisha kuiva.* Akanigeukia. "Yustina, ulimsomea nini?"

Leokadia naye alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja mtu aliyeuliza njia.

"Nilimsomea kama ilivyoandikwa," nilisema.

Hakubisha. Ningekuwa mimi ningepiga kelele mpaka sokoni wasikie. Yeye alifungua kamba za vazi lake la kazi, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye kiti. Kisha akasema, "Naomba hiyo karatasi, madamu." Madamu alimtazama kama aliyeona mbuzi anaomba miwani, akauchana ukurasa, akaurusha. "Chukua. Ukajifunze." Leokadia akauokota chini, akainama, akapiga makofi yake ya kuaga, pa, pa, pa, akaondoka. Mimi nilidhani ataufungia chumvi.

Aliyefukuzwa kazi anaweza kupata nyingine. Lakini kwetu huku, mwanamke aliyewatapisha watu kwa chakula chake ana jina, nalo ni mrozi, mtia sumu, na hakuna barua ya shirika inayolifuta. Kabla ya Krismasi watu walikuwa wanamwaga togwa aliyowapa mara akigeuka. Watoto wake walikatazwa kugawana muhogo na wenzao shuleni. Akafunga vyombo, akarudi Mabamba. Mimi nikabaki na kazi. Madamu mwenyewe hakumaliza mwaka uliofuata. Alipata nafasi Arusha, akaacha chungu, na panya wakamuuguza Mgonjwa mpaka waya ukaisha. Kutoka pale nikapata barua nzuri, na kwa barua hiyo nikapata jiko la chuo.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikipita Mabamba siku ya soko, nikamkuta ana kibanda cha chakula. Kwetu mtu akikukaribisha pombe huvuta funda la kwanza yeye, ukamwona amemeza, ndipo unakunywa. Leokadia alikuwa ameichukua desturi hiyo akaitia kwenye sahani. Hakuna mteja aliyepokea chakula kabla hajamwona mwenye kibanda akichota kijiko, akitafuna, akimeza. Mwanzoni walimcheka. Kisha wakazoea, kisha wakamwamini, na kibanda kikawa kinajaa. Mimi aliniita mdogo wake mbele ya watu, akanipa kiti chenye mgongo, akachota kijiko kwenye maharage yangu, akameza. "Yamechemka, mdogo wangu," alisema. "Kula, usiogope." Nilicheka sana. Nilidhani anamcheka Madamu. Kila nilipopita, mwaka baada ya mwaka, kijiko kile na maneno yale, na kila mara nilikula nikiwaza: maskini, mpaka leo hajajua.

Sasa nirudi msibani. Nilipomaliza kusimulia, Evelina aliweka ungo chini, akaniita chumbani kwa marehemu. Kulikuwa na kitanda, sanduku la bati na khanga zilizokunjwa. Akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, pamoja na kadi za kliniki za watoto wanne, ule ukurasa. Ulikuwa umekuwa laini kama kitambaa.

"Nilimsomea huu nikiwa kidato cha kwanza," alisema. "Nilikuwa nimerudi likizo. Aliniwekea kidole hapa, akaniuliza neno moja tu."

Sikuuliza ni neno gani.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nilijua siku ileile. Karatasi sikuijua, lakini uso wake niliusoma. Nilitaka tu nisikie linavyotamkwa.' Akanitaka nilitamke mara mbili."

Nimekuwa na jibu kwa kila mtu maisha yangu yote. Wakuu wa chuo wananijua, wakaguzi wananijua, mapadre wawili wananijua. Nilikaa kwenye kitanda cha mwanamke niliyemwona mjinga kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, aliyekuwa akinilisha huku ananijua mpaka ndani. Kilichonitoka mdomoni kilikuwa kidogo na cha kitoto.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia, mama mdogo," Evelina alisema. "Kila ulipokuja."

Akatoka. Aliporudi alikuwa na sahani ya wali na maharage, kama walivyokuwa wakila wengine wote nje. Alisimama mbele yangu, akachota kijiko kwenye maharage, akatafuna bila haraka akinitazama, akameza.

"Yamechemka," alisema. "Kula."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikala, sikubakiza. Nje akina mama walikuwa wakiniita kwa kelele nirudi niwasimulie tena pale mgeni mkubwa alipokimbilia migombani, na Evelina alikuwa bado amesimama mlangoni, na kijiko mkononi, akingoja kusikia nitawaambia nini.